Edward Saidi Tingatinga, Mchoraji wa Rangi za Baiskeli

1. Trekta na mtu

Ndugu msomaji, ukitaja neno tingatinga hapa Ngonga, watu watafikiria trekta. Watafikiria mashine kubwa inayolima shamba la mpunga, au ile inayosukuma udongo wakati barabara inapotengenezwa. Hawakosei. Lakini Tanzania ilikuwa na mtu mwenye jina hilo. Alikuwa mchoraji wa picha. Aliitwa Edward Saidi Tingatinga.

Mtu huyu alifariki mwaka 1972. Hakuacha utajiri. Aliacha picha, na aliacha watu aliowafundisha kuchora. Leo picha za namna yake zimetundikwa kwenye kuta za nyumba huko Ulaya, Marekani na Ujapani. Nyingine zimechorwa kwa mkono. Nyingine zimechapwa kwa mashine juu ya karatasi au juu ya kitambaa. Jina lake limekuwa jina la uchoraji wenyewe. Mtu akisema amenunua tingatinga huko Dar es Salaam, huenda hakununua trekta. Amenunua picha.

Katika somo hili tutasoma maisha ya mtu huyu. Tutajifunza pia tofauti kati ya picha iliyochorwa kwa mkono na picha ya chapa. Mwisho tutajiuliza swali moja: kazi ya mtu inaponakiliwa mara elfu, nani anapata faida?

2. Kuzaliwa Tunduru

Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka 1932 katika eneo la Nakapanya, Wilaya ya Tunduru. Tunduru iko katika Mkoa wa Ruvuma. Upande wa kusini imepakana na nchi ya Msumbiji.

Si mbali sana na sisi tukifikiri kwa njia ya ziwa. Ukipanda meli huku Kyela ukashuka Mbamba Bay, umeshafika Mkoa wa Ruvuma. Kutoka hapo unakwenda mashariki, unapita Songea, kisha unafika Tunduru.

Baba yake alikuwa Mwislamu. Mama yake alikuwa Mkristo wa kabila la Wamakua. Jina la mtoto lilibeba pande zote mbili: Edward na Saidi. Wazazi wake walikuwa wakulima wa kawaida. Walilima kwa jembe la mkono, kama wakulima wengi wa wakati ule.

Edward alisoma miaka michache tu. Hakwenda shule ya sekondari. Hakufundishwa kuchora na mwalimu yeyote wa darasani. Tukumbuke jambo hili, maana tutalirudia.

3. Kutafuta kazi

Katika miaka ya 1950 vijana wengi wa kusini waliondoka makwao kutafuta fedha. Kodi ilidaiwa, na kazi ya mshahara vijijini haikuwapo. Wazee wetu wa Kyela wanalijua jambo hili. Wengi wao walikwenda migodini Afrika Kusini na kwenye migodi ya shaba ya nchi ambayo leo ni Zambia. Wengine walirudi na baiskeli na mablanketi. Wengine hawakurudi.

Tingatinga naye aliondoka. Yeye alikwenda Tanga, kwenye mashamba ya mkonge. Kazi ya mkonge ilikuwa ngumu. Majani yake yana miiba mikali, na mfanyakazi alipimiwa kazi ya kila siku. Asipoimaliza hakuhesabiwa siku hiyo.

Karibu na mwaka 1959 aliacha mkonge, akaenda Dar es Salaam. Huko alipata kazi kwa afisa mmoja Mwingereza. Alimtumikia nyumbani na kumtunzia bustani. Nchi yetu ilipopata uhuru mwaka 1961, maafisa wengi wa kikoloni walirudi kwao. Mwajiri wake naye aliondoka. Tingatinga akabaki bila kazi ya kudumu.

Basi alifanya kazi yoyote aliyoipata. Alifanya kibarua cha ujenzi. Aliuza mboga na matunda. Alitarizi vitambaa ili aviuze. Aliishi Msasani, sehemu iliyoitwa Mikoroshoni. Siku hizi Msasani ni mahali pa majumba makubwa. Wakati ule, Mikoroshoni palikuwa na vibanda vya watu wa kipato kidogo.

4. Kuanza kuchora akiwa mtu mzima

Mwaka 1968 Tingatinga alikuwa na umri wa miaka 36. Mjini Dar es Salaam aliona picha zilizochorwa na watu kutoka Kongo. Picha hizo ziliuzwa, na Wazungu walizinunua. Tingatinga akaona kwamba hata yeye anaweza kujaribu.

Lakini achore na nini? Rangi za wachoraji zilizotoka Ulaya zilikuwa ghali. Kitambaa cha kuchorea pia kilikuwa ghali. Yeye alitazama vitu vilivyokuwa karibu naye.

Alichukua hadibodi. Hadibodi ni ubao mwembamba wa kiwandani, ambao mafundi waliutumia kuziba dari. Aliukata vipande vya mraba. Vingi vilikuwa na upana wa kiasi cha sentimita 60 kila upande.

Kisha alinunua rangi ya baiskeli. Hii ni rangi ya mafuta, iliyouzwa madukani katika mikebe midogo. Watu waliitumia kupaka baiskeli iliyochakaa ili ing'are tena. Rangi hiyo inang'aa sana. Ikikauka inakuwa ngumu, na maji hayaiondoi.

Kazi yake aliifanya hivi. Kwanza alipaka ubao wote rangi moja, pengine nyeupe, njano au buluu. Akaacha ikauke. Kisha akachora mnyama mmoja katikati: tembo, chui, nyati, au ndege mkubwa. Mnyama huyo alijaza karibu ubao wote. Chui alipata madoa mengi, moja moja, kwa ncha ya brashi. Pengine aliongeza mti au majani kidogo. Hakuweka mambo mengi. Rangi zake zilikuwa chache.

Hakuwachora wanyama kama wanavyoonekana katika picha ya kamera. Aliwachora kama alivyowaona moyoni mwake. Kwa sababu hiyo, mtu akiiona picha ya Tingatinga mara moja, haisahau.

5. Biashara ya picha

Pale Oyster Bay, karibu na Msasani, palikuwa na maduka yaliyoitwa Morogoro Stores. Wageni wengi walikwenda kununua vitu hapo. Tingatinga alizipeleka picha zake pale, akaziegemeza chini ya mti. Mwaka 1970 alimwoa Agatha Mataka. Mke wake alishiriki katika kuziuza picha, wakati mumewe yuko kazini au anachora.

Picha zilipendwa. Hazikuwa ghali, na hazikufanana na picha nyingine yoyote. Wageni kutoka nchi za Ulaya ya Kaskazini, waliokuja kufanya kazi Tanzania, walizinunua na kwenda nazo kwao. Baadaye shirika la umma lililoshughulikia sanaa nalo likaanza kuzinunua na kuziuza.

Hata hivyo hakuacha kutafuta mshahara. Alipata kazi ya uhudumu katika hospitali ya Muhimbili. Alifanya kazi hospitalini, kisha akarudi nyumbani na kushika brashi.

Wateja walipoongezeka, mkono mmoja haukutosha. Akawaita jamaa zake na vijana wa kwao kusini. Miongoni mwao walikuwa Simon Mpata, Kasper Tedo, January Linda, Adeusi Mandu na Ajaba Abdallah. Walikaa barazani pamoja naye. Walimtazama anavyochora, wakaiga. Hakuna aliyetoa ada. Hakuna aliyepewa cheti. Mwanafunzi alianza kwa kupaka rangi ya chini, kisha akajaribu mnyama, mpaka mkono ukazoea.

Hivyo ndivyo watoto wetu wanavyojifunza kutengeneza mtumbwi au kufuma wavu hapa ziwani. Na hivyo ndivyo mabinti wa Wakisi kule Ikombe wanavyojifunza kufinyanga vyungu kwa mama zao.

6. Kifo cha ghafla

Mwaka 1972, usiku mmoja, Tingatinga alikuwa ndani ya gari pamoja na wenzake mjini Dar es Salaam. Polisi walikuwa wakiwatafuta wahalifu. Walidhani gari hilo ni la wahalifu hao, wakalipiga risasi. Risasi ilimpata Tingatinga, akafa. Hakuwa mhalifu. Aliuawa kwa makosa.

Alikuwa na umri wa miaka 40. Aliacha mke na watoto wadogo. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu.

Hebu tufikiri, ndugu msomaji. Miaka minne ni muda mfupi. Mkakao ukiupanda leo, baada ya miaka minne ndiyo kwanza unaanza kukupa mavuno. Mtu huyu katika muda huo alianzisha uchoraji ambao haujafa mpaka leo.

7. Wanafunzi waendelea

Baada ya msiba, wanafunzi wake walikutana. Iliwabidi waamue kama wataacha au wataendelea. Waliamua kuendelea. Walichora kwa namna ile ile, kwa rangi ile ile, na waliuza mahali pale pale. Simon Mpata baadaye alikwenda Kenya, akachora huko mpaka naye akajulikana sana.

Waliobaki Dar es Salaam waliwafundisha wengine, na hao wakafundisha wengine. Walifanya kazi kwa ushirika. Mwaka 1990 waliunda rasmi chama cha ushirika cha wachoraji wa Tingatinga.

Picha zenyewe zilibadilika kidogo kidogo. Picha za mwanzo zilikuwa na mnyama mmoja. Picha za baadaye zilijaa vitu vingi: ndege kumi, samaki ishirini, soko, harusi, hospitali, mabasi. Ubao nao ulibadilika. Watalii walitaka picha wanayoweza kuikunja na kuitia katika sanduku. Ubao haukunjiki. Basi wachoraji wengi wakaanza kuchora juu ya kitambaa kigumu kiitwacho kanvasi. Kitambaa hukunjwa kama mkeka, na mtalii akifika kwake hukivutia kwenye fremu ya mbao.

Mchoraji mmoja akibuni picha nzuri na ikanunuliwa haraka, wenzake huinakili kwa mkono. Kwao hilo si jambo geni. Nakala ya mkono haifanani kabisa na ya kwanza. Kila mtu ana mkono wake.

8. Picha ya mkono na picha ya chapa

Sasa tuangalie nakala ya namna nyingine, yaani nakala ya mashine.

Hapo ulipo umeshika nakala ya mashine. Kitabu hiki hakikuandikwa kwa mkono mara elfu. Kiliandikwa mara moja, kikachapwa mara nyingi. Khanga nayo ni hivyo. Msanii huchora mapambo ya khanga mara moja tu. Kiwanda huyachapa juu ya maelfu ya vitambaa. Kalenda uliyotundika ukutani nayo ni hivyo.

Picha ya mchoraji huchapwa namna hii. Kwanza hupigwa picha kwa kamera nzuri, au hupitishwa katika mashine inayosoma rangi. Kisha rangi zake zote hugawanywa katika wino wa aina nne: buluu, wekundu wa zambarau, njano na nyeusi. Mashine huweka wino huo kwa nukta ndogo ndogo sana. Jicho likitazama kwa mbali, nukta hizo huungana, na tunaona kijani, kahawia na rangi nyingine zote. Zipo pia mashine za siku hizi zinazonyunyiza matone madogo mno ya wino juu ya karatasi au juu ya kanvasi. Picha iliyochapwa juu ya kanvasi, ikivutwa kwenye fremu, inaweza kumdanganya mtu akadhani imechorwa kwa mkono.

Utaitambuaje? Fanya hivi:

Kwanza, isogeze karibu na jicho, mahali penye mwanga. Ukiona nukta ndogo ndogo zilizopangika, hiyo ni chapa.

Pili, itazame kwa upande. Rangi ya baiskeli huacha mabonde na matuta madogo mahali brashi ilipopita. Picha ya chapa ni laini kote.

Tatu, itazame saini. Saini ya mkono imepakwa juu ya rangi. Saini ya chapa imo ndani ya picha, na haina unene.

Nne, uliza kama zipo nyingine. Ukiona picha mbili zinazolingana mpaka doa la mwisho la chui, hizo ni za mashine.

Picha ya chapa si kitu kibaya. Bei yake ni nafuu. Mtu asiyeweza kununua picha ya mkono anaweza kununua ya chapa. Shule inaweza kuitundika darasani ili watoto waone kazi ya mchoraji mkubwa. Ila tuitunze. Wino mwingi hufifia ukipigwa na jua, na karatasi huharibiwa na unyevu. Huku kwetu mvua ni nyingi na nyumba zina unyevu. Tusiitundike mahali ukuta unapovuja, wala mbele ya dirisha linalopokea jua la mchana.

Ubaya huja pale mtu anapouza chapa kwa bei ya picha ya mkono. Huo ni udanganyifu. Ubaya mwingine ni kuchora picha leo, na kuweka juu yake saini ya Tingatinga aliyefariki mwaka 1972. Picha za uongo za namna hiyo zipo. Zimewapa hasara wanunuzi wengi.

9. Nani anapata faida?

Picha za Tingatinga na za wanafunzi wake zimechapwa katika kadi, kalenda, vitabu na fulana. Mwaka 2010 ilionyeshwa filamu ya watoto ya mfululizo, iliyotengenezwa Nairobi. Michoro yake ilifuata namna ya Tingatinga, na jina lake pia lilitokana na jina hilo. Watoto wa nchi nyingi waliitazama.

Lakini Tingatinga mwenyewe alikufa akiwa mtu wa kipato kidogo. Wachoraji wengi waliomfuata wameishi kwa kuuza picha moja moja kwa watalii. Mtu mwingine akiipiga picha kazi ya mchoraji na kuichapa mara elfu, bila kumwuliza, mchoraji hapati hata senti. Wala hajui kwamba kazi yake inauzwa.

Sisi wa Kyela tunalielewa jambo hili vizuri. Mchele wetu una sifa nchi nzima. Kwa sababu hiyo wapo wafanyabiashara wanaochukua mchele wa mahali pengine, wakauuza mjini kwa jina la mchele wa Kyela. Mkulima aliyeinamia maji ya jaruba hafaidiki. Jina lake limetumika, jasho lake halikulipwa. Mchoraji naye ni vivyo hivyo. Namna yake ya kuchora ni shamba lake.

Kwa hiyo nchi yetu ilitunga sheria ya hakimiliki mwaka 1999. Sheria hii inamlinda mtu aliyetunga wimbo, aliyeandika kitabu au aliyechora picha. Mwingine hawezi kuichapa na kuiuza kazi hiyo bila idhini yake. Ofisi inayoshughulikia mambo hayo inaitwa COSOTA. Mchoraji anaweza kuiandikisha kazi yake huko. Lakini ili uandikishe kazi, na ili usome mkataba kabla ya kutia saini, lazima ujue kusoma. Mtu asiyejua kusoma hutia dole gumba juu ya karatasi asiyoijua. Pengine karatasi hiyo inamnyang'anya kazi yake yote.

10. Tunajifunza nini?

Tingatinga alianza kuchora akiwa na umri wa miaka 36. Kama angesema amekwisha kuwa mtu mzima, asingeshika brashi. Katika darasa letu wapo akina mama na akina baba waliomwona mwalimu wa kisomo kwa mara ya kwanza wakiwa na wajukuu. Nao sasa wanasoma ukurasa huu. Wasione haya.

Hakungoja vifaa vya gharama. Alitumia ubao wa dari na rangi ya baiskeli. Sisi nasi tuna udongo wa kufinyanga, ukindu, mianzi na magome. Tuna ziwa na milima ya Livingstone mbele ya macho yetu. Yapo mengi ya kuchora na kutengeneza.

Hakuficha ujuzi wake. Aliwafundisha wengine. Kama angeuficha, ungekufa pamoja naye usiku ule wa mwaka 1972.

Na jambo la mwisho. Unaponunua picha, chungu au mkeka, uliza ni nani aliyekitengeneza. Ukimjua, mlipe yeye mwenyewe inapowezekana. Na wewe ukitengeneza kitu chako, kitie jina lako. Sasa unajua kuliandika.

Maneno mapya

Chapa: alama au picha iliyowekwa na mashine.
Hakimiliki: haki ya mtu juu ya kazi aliyoitunga mwenyewe.
Hadibodi: ubao mwembamba wa kiwandani.
Kanvasi: kitambaa kigumu cha kuchorea picha.
Nakala: kitu kilichofanywa kwa kuiga kingine.
Saini: jina la mtu aliloandika kwa mkono wake.

Maswali

1. Edward Saidi Tingatinga alizaliwa mwaka gani, na katika wilaya gani?
2. Alifanya kazi gani kabla ya kuanza kuchora?
3. Kwa nini alitumia rangi ya baiskeli?
4. Alifariki kwa sababu gani?
5. Taja njia mbili za kuitambua picha ya chapa.
6. Toa kalenda au kitabu chenye picha. Kisogeze karibu na jicho. Unaona nini?

Ya kujadili darasani

1. Ni kazi zipi za mikono hapa Ngonga ambazo hatujawafundisha vijana wetu?
2. Tufanye nini ili mchele wetu, na kazi zetu nyingine, ziuzwe kwa jina letu na kwa faida yetu?